Waliposema Hapo ni Mbuga

Kijana uliyemaliza chuo juzi ukapewa kofia ngumu nyeupe, kaa hapo nikugombeze. Sitaanza kwa pongezi. Waliokupongeza wanatosha, na baadhi yao ndio waliokuharibu. Mimi naitwa Mwantumu. Nimepima udongo katika maabara moja hapa Morogoro tangu nikiwa msichana hadi nimestaafu nina wajukuu. Sikuwahi kuwa injinia. Nilikuwa fundi sanifu, yaani yule anayechafuka ili injinia apate kitu cha kusaini.

Na nimekasirika. Naliweka hilo wazi mapema, usije ukafika katikati ukadhani bibi amepandwa na presha. Presha yangu nzuri, naipima kila Jumatatu. Hasira yangu ina sababu, na sababu yenyewe inatokana na neno moja tu.

Neno hilo ni mbuga. Ukimtajia kijana wa leo mbuga, anaona tembo, twiga na magari ya watalii. Simlaumu sana. Lakini kwa mkulima wa tambarare, awe wa Mikese au wa Turiani kwenye mpunga, mbuga ni udongo. Ni ule udongo mweusi wa bondeni ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumvunja mbuzi mguu, na mvua ikinyesha unavimba, unanata na kukuvua viatu. Ukijenga juu yake kama unavyojenga kwenye ardhi nyingine, nyumba yako haitatulia. Masika itanyanyuliwa, kiangazi itashushwa, tena haitanyanyuliwa sawasawa, maana kingo zinalowa wakati katikati ni pakavu. Ukuta hauna uvumilivu wa namna hiyo. Unapasuka.

Wazee wetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri, lakini aliyeitunga hakuwahi kujenga mbugani. Huko ukiuziba ufa leo, mwakani unafunguka palepale na kukuletea wenzake wawili. Nimeona watu wakipiga plasta kila mwaka na kupaka rangi, wakijisifu wamekarabati.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salehe, mtu mfupi, mkali, ambaye hakuwa na cheti chochote zaidi ya vidole vyake. Siku yangu ya kwanza alinipa bonge la udongo mkavu mweusi akaniambia nilivunje kwa mkono. Nikaminya hadi machozi yakanitoka. Akanipa bonge jingine, jekundu la mlimani, likapukutika kama kashata. Akasema, "Huyo wa kwanza ndiye adui yako. Akikauka ni jiwe, akilowa ni uji. Asiye na msimamo usimkabidhi nyumba."

Mzee Salehe hakuruhusu mtu kugusa mashine kabla hajaulowesha udongo kiganjani. Unachukua kidogo, unatia maji, unakanda, kisha unausukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada utoke kama utepe. Wa kichanga unakatika hapohapo. Mbuga inatoka utepe mrefu unaoning'inia bila kukatika. Ukiukata kwa kisu unang'aa pale ulipokatwa. Na kabla hata hujainama kuuchota, tazama shamba lenyewe. Nguzo za uzio zimelala kila moja upande wake. Ardhi ina vifundo na vibonde bila sababu. Ukichimba unakuta punje nyeupe kama vipande vya chaki. Nenda wakati wa ukame uone nyufa. Siku moja niliingiza fimbo ya Mzee Salehe kwenye ufa kupima kina, ikateleza ikabaki kishikio tu juu. Aliipata fimbo yake, lakini kwa wiki nzima nilimtengenezea chai mimi.

Usidhani najisifu. Kosa kubwa la maisha yangu nililifanya nikiwa nayajua haya yote, na nitakueleza ili ujue sikugombezi kutoka juu ya mnara. Ilikuwa nyumba ya mwalimu, huko upande wa Turiani. Nilichimba mwenyewe, nikaona mbuga kwa macho yangu. Mkubwa wangu wa kazi wakati huo akataka ripoti kabla ya saa sita mchana, akasema ni nyumba ndogo, tusiwasumbue watu. Nikaandika "udongo wa wastani." Maneno matatu. Nyumba ikajengwa, masika ya pili ikanyanyuka upande mmoja, fremu ya mlango ikabana. Mlango haukufunguka tena mpaka kiangazi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mwalimu huyo kwenye msiba mjini. Tumekaa kwenye mkeka, watu wanapiga soga kama kawaida ya msibani, akaanza kusimulia alivyoingia nyumbani kwake kwa dirisha masika nzima, na tumbo lake lile, wanafunzi wakimwita Mwalimu Dirisha. Watu walivunjika mbavu. Naye alicheka. Hakujua kuwa aliyekaa ubavuni mwake ndiye aliyeandika maneno yale matatu. Sikumwambia. Nilinyamaza, nikameza chai yangu, na kunyamaza kule mpaka leo nakuonea haya kuliko hata kosa lenyewe.

Sasa ndio nije kwa lililonifanya nishike kalamu.

Rehema, binti wa dada yangu, ni muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja ndani kidogo kutoka barabara kuu, ukishapita Mikese. Zahanati yenyewe ni chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu watu wanapimwa malaria na kufungwa vidonda, upande ule wanawake wanajifungua. Hatimaye kijiji kikapata mradi wa wodi ya wazazi. Wananchi wakajitolea nguvu zao, wakachimba msingi, wanawake wakabeba mawe na mchanga kichwani. Rehema akaona kuta za mtaro zinapasuka hata kabla jiwe moja halijawekwa. Akaomba ripoti ya udongo ofisini kwa mtendaji wa kijiji, akaipiga picha kurasa zote, akanitumia kwenye simu. "Mama mdogo, hebu soma hii, mimi sielewi."

Nilikuwa kwangu Mazimbu, nimevaa miwani, naosha mchele. Nikasoma ukurasa wa tatu: "Udongo ni mwekundi, wenye changarawe, unafaa kwa msingi wa kawaida." Nikarudia kusoma. Mwekundi. Nikaacha mchele kwenye maji.

Kosa lile nalifahamu kwa sababu ni langu. Nilipokuwa najifunza kuchapa, kidole changu kilikuwa kinatoka kwenye u kinaangukia i, zinakaa jirani. Niliwahi kuchapa ripoti ya nyumba ya mtu mmoja Kigurunyembe, chini kabisa ya mlima, kwenye udongo mwekundu mzuri, nikaandika mwekundi, na Mzee Salehe alinitania kwa hilo mpaka alipostaafu. Ripoti hiyo ikabaki kwenye faili, baadaye ikaingizwa kwenye kompyuta. Na sasa mtu ameinyanyua nzima nzima, akabadilisha jina la mahali, akabandika kwenye wodi ya wazazi iliyo kilomita nyingi kutoka mlimani. Hata kosa langu hakuliona. Hakuisoma hata mara moja.

Ukurasa wa tano ndio ulionimaliza. "Wenyeji wanaeleza kuwa eneo hili ni mbuga. Kwa sasa hakuna wanyamapori, hivyo mradi hauna athari." Nilicheka peke yangu jikoni. Kicheko kilipokwisha nilijikuta nalia kwa hasira, maana ukweli wote ulikuwa pale. Wazee wa watu walisema kila kitu kwa neno moja, na msomi akawatafutia tembo.

Kesho yake asubuhi nikashuka Mikese, nikapanda bodaboda hadi kijijini. Masika ilikuwa bado mwezi na kitu. Nikakuta mtaro wa kina cha goti, mweusi tii, na wanawake wanashusha ndoo za mchanga. Mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi sita, anaitwa Mariamu. Nikamwambia apumzike. Akanijibu bila kutua ndoo, "Mama, hii nabeba yangu mwenyewe. Wa kwanza nilimzaa mjomba wangu akiwa upande wa pili wa pazia, anasubiri majibu ya malaria. Huyu nataka kumzaa kwa stara."

Mtendaji aliyekuwa karibu akaona apachike hekima yake. "Mficha uchi hazai, dada yangu."

"Kwa mkunga sijaficha," Mariamu akasema. "Nawaficha nyinyi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikampenda binti yule papo hapo. Na nikaelewa kuwa ninachokwenda kufanya kitamuumiza yeye kabla hakijamuumiza mwingine yeyote.

Injinia alifika mchana, kwa gari, viatu vyake vikiwa safi. Anaitwa Baraka. Jina Baraka, haraka anayo yeye, malizia mwenyewe. Akanipa shikamoo kwa adabu, nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza alichimba mashimo mangapi ya majaribio.

"Matatu, mama. Yapo kwenye ripoti."

"Nionyeshe yalipokuwa."

Akaangaza huku na huku. Bibi mmoja aliyekaa juu ya rundo la mawe akasema, "Shimo? Hapa hata kuku akiparua tunajua ni wa nani. Hatujamwona mtu kuchimba."

"Mama, usimaindi," Baraka akaniambia kwa sauti ya chini, akinivuta pembeni. "Presha ilikuwa kubwa, tarehe ya jiwe la msingi ilishapangwa. Halafu ishu yenyewe ni jengo dogo tu."

Jengo dogo. Karibu maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Sikukubali kuvutwa pembeni, nikarudi palepale mbele ya watu nikamwuliza, "Mwekundu unaandikwaje?"

"Kwa u."

"Soma hapa."

Akasoma. "Ni makosa ya kuchapa, mama."

"Ndiyo. Ni makosa yangu mimi. Niliyachapa kabla wewe hujaanza darasa la kwanza. Na hapa ukurasa wa tano, wanyamapori wametoka wapi?"

"Nilimpigia simu mtendaji, akasema wazee wanasema hapa ni mbuga. Nikaona niiweke kwenye historia ya eneo."

Kicheko kilichoanguliwa pale sijawahi kukisikia. Bibi wa juu ya mawe alicheka hadi akashikilia kiuno. Mwingine akauliza kama wodi itakuwa ya kuzalishia pundamilia. Baraka akabaki ametazama viatu vyake. Mimi sikucheka tena. Nilishamaliza kucheka jikoni kwangu.

Sikiliza sasa namna ya kumaliza ubishi bila mashine, maana kuna siku utakuwa kijijini na maabara iko mbali. Nilichukua bonge la udongo wa mtaroni, nikalitwanga kwenye kinu cha jirani, nikalipitisha kwenye chujio la unga mpaka likawa vumbi. Nikaomba glasi mbili zinazofanana. Nikatia vumbi kiasi kilekile katika kila glasi, nikachora mstari kwa kalamu pale lilipofika. Glasi moja nikajaza maji, nyingine mafuta ya taa. Mafuta ya taa udongo hauyanywi, kwa hiyo yanakuonyesha ukubwa wake halisi. Maji yanakuonyesha tabia yake. Nikakoroga kutoa hewa, nikaziweka mezani kwa Rehema, nikamwambia Baraka, "Kesho asubuhi uje uone mwenyewe. Usipokuja, nazibeba hivi hivi mpaka kwa huyo anayekuja kuweka jiwe."

Alikuja. Nampa haki yake, alikuja hata kabla ya chai. Kwenye mafuta ya taa vumbi lilikuwa palepale kwenye mstari. Kwenye maji lilikuwa limepanda karibu mara mbili. Akainama, akatazama glasi moja, akatazama nyingine. Akatoka nje akampigia simu mkubwa wake, nikamsikia akisema, "Sikuchimba, bosi. Hapana. Sikuchimba kabisa." Aliyasema hayo wanawake wakiwa wanamsikia, na ilimgharimu.

Kazi ikasimama. Sherehe ya jiwe ikaahirishwa. Ukidhani nilibebwa juu juu kama mshindi, hujui watu. Wanawake walioshangilia jana walinigeukia. Mmoja alisema nimetumwa. Mariamu akaja mbele yangu, mikono kiunoni, akaniuliza, "Mama, na tumbo langu nalo tuliahirishe?"

Nikamweleza kuwa kama tukimwaga zege sasa, baada ya masika mbili au tatu sakafu itatunga mgongo, kuta zitaachana, na milango itabana watu wakiwa ndani. Nikamweleza kuwa kuhamia kule kwenye kilima chenye udongo mwekundu haiwezekani, kuna makaburi, na kisima kiko mbali. Nikamweleza kuwa dawa ya udongo huu ipo, lakini mwezi uliobaki hautoshi, na haiwezi kufanywa mvua zikishaanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hayo yote unayajua. Kwa nini hamkuyajua mwaka jana?" Akaokota ndoo yake akaondoka.

Dawa yenyewe niiseme, maana ndiyo kazi yetu. Mara tu ardhi ilipokauka baada ya masika tulirudi, mimi na Baraka na wachimbaji wake. Tulichimba tukautoa ule udongo mweusi chini ya jengo lote na kupita nje ya kuta, kina cha kumfika mtu kifuani. Uliobaki chini tuliulima, tukauvunja mabonge yawe madogo, tukauchanganya na chokaa, kilo tano kwa kila mia za udongo mkavu. Kipimo hicho tulikipata kwa kuupima udongo ule. Wako upime mwenyewe, usije ukaandika "bibi alisema tano." Ukishachanganya, unyunyizie maji, uufunike, uuache siku mbili. Hapo watu wengi wanakosa subira. Chokaa inahitaji muda wa kuubadilisha udongo. Utaujua umebadilika kwa mkono: ule uliokuwa unanata unakuwa chengachenga, unapukutika. Unauchanganya tena, ndipo unaushindilia. Juu yake tulileta moramu, ile changarawe nyekundu ya barabarani, kutoka kando ya kilima, tabaka la urefu wa kiganja, tunanyunyiza, tunashindilia, tunapima, tabaka jingine. Halafu mkanda wa zege na nondo kuzunguka jengo lote, ili hata chini pakitikisika kidogo kuta ziende pamoja.

Na vaa glavu. Nina makovu ya chokaa kwenye vifundo vya vidole mpaka leo, kwa ubishi wa ujana.

Chokaa nayo nina historia nayo. Nikiwa msichana nilipewa kusimamia kipande cha barabara ya kuingilia shamba la miwa. Nikaacha mifuko chini, mingine imechanika, ikapigwa na umande wiki kadhaa. Kwa macho ilikuwa chokaa ileile nyeupe, kumbe imeshakufa, haina nguvu kuliko chaki ya ubaoni. Tukaichanganya, tukashindilia, nikaandika safi. Mvua ya kwanza lori la miwa likazama hadi kwenye ekseli. Mzee Salehe alinisimamisha kando ya barabara siku nzima niombe radhi kwa kila dereva aliyepita. Mmoja alinipa muwa, akaniambia nitafune nipate nguvu ya kuomba radhi wengine. Tangu hapo mifuko yangu inakaa juu ya mbao, imefunikwa, na ninaikagua mmoja mmoja. Na usiniletee saruji ukidhani ndiyo kubwa kuliko zote. Saruji ni rafiki wa mchanga. Mbuga inaimeza na kukuuliza kama kuna nyingine.

Jambo la mwisho ni maji, na hili mafundi wananuna nikilisema. Mbuga haikuchukii. Ikikaa na unyevu uleule mwaka mzima haisogei. Kinachoiamsha ni kulowa na kukauka. Kwa hiyo weka mifereji ya bati, weka kibaraza cha zege kipana kuzunguka jengo, maji ya kuogea yapelekwe mbali, na usiruhusu mtu kupanda migomba ukutani eti kivuli. Baraka aliyafanya yote hayo. Alishika mwenyewe mashine ya kushindilia, viatu vikaharibika kabisa. Amekuwa mtu wa kazi yule kijana, nasema bila kumpendelea.

Lakini nilisema nimekasirika, na bado sijafika kwenye hasira yenyewe.

Mariamu alijifungua katikati ya masika, mtaro wa msingi ukiwa umejaa maji, wodi haina hata tofali moja. Rehema ndiye aliyenisimulia. Siku hiyo ilikuwa ya kliniki, na watu ni wengi. Kwa kawaida wanaume wangesubiri nje kwenye benchi. Mvua ikashuka, ile ya kupiga bati usisikie mwenzako, ikaja na upepo, benchi likalowa, wote wakaingia ndani. Wakabanana upande wa pili wa pazia, zaidi ya kumi, na mmoja wao ni baba mkwe wake. Rehema aliwaomba watoke, wachache wakatoka wakasimama kwenye michirizi, wengine wana homa, utawafukuza waende wapi? Mariamu akauma kanga yake ili asitoe sauti. Aliiuma mpaka ikatoboka. Kisha mvua ikakatika ghafla, kama inavyokatika huku kwetu, bati likanyamaza, na wakati huohuo ukawa ndio wakati wa mtoto. Kila mtu alisikia kila kitu.

Mtoto alitoka salama, wa kike. Mama salama. Kwenye daftari la zahanati imeandikwa "amejifungua salama," na hakuna safu ya kuandika yaliyobaki. Mariamu alikaa wiki nyingi bila kupita mbele ya nyumba ya mkwewe. Alikuwa anazunguka shambani kwenda kisimani.

Wodi ilizinduliwa kiangazi kilipokolea. Kulikuwa na hotuba, ngoma, na soda. Nilizunguka jengo zima na kijiti changu kutafuta nyufa, nikakosa. Nikaingia ndani, nikafungua kila mlango na kuufunga, unateleza kama siagi. Baraka akaniita mbele, nikapigiwa makofi. Nikawatazama wanawake mmoja mmoja, Mariamu hakuwepo.

Nikaenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta mchele, mtoto amelala kwenye kanga mgongoni. Akanisalimia vizuri, akaniletea kigoda. Nikamwambia jengo limekwisha, zuri, ana haki ya kwenda kuliona, maana mawe yake yamo.

"Nimesikia ni zuri," akasema. "Alhamdulillahi. Wenzangu watazaa kwa stara."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasimamisha ungo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ugomvi, "Hivi mama, yule kijana, siku ile aliyotakiwa kuja kuchimba, alikuwa na kazi gani nyingine?"

Nilijua jibu. Baraka mwenyewe aliniambia tukiwa kwenye vumbi la chokaa, akiona aibu. Siku ile alitoka mjini na wachimbaji wake na vifaa vyote. Jua lilikuwa kali. Wakasimama Mikese kula, chakula kikachelewa, na walipomaliza wakaona muda umekwenda, wakageuza gari.

Ningeweza kusema sijui. Mdomo wangu ulishazoea.

"Alikuwa anakula, mwanangu," nikamwambia. "Alisimama Mikese kula."

Mariamu akamtikisa mtoto kidogo mgongoni, akarudisha macho kwenye ungo.

"Alishiba?" akauliza.